Bila Onyo Hata Moja

Fundi hakuwa na kiti chenye mgongo mzima. Hakuwa na dirisha, hakuwa na msaidizi, hakuwa na mkataba wa kudumu, ingawa aliitumikia kampuni ile tangu ilipokuwa ya chumba kimoja. Hakuwa na mume, wala hakuwa na habari ya kumtafuta. Hakuwa pia na tabia ya kuchekea jambo lisilochekesha, na hilo ndilo lililomponza vikaoni.

Kampuni ilitengeneza mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua, za hospitalini na za nyumbani. Ndani ya kila mashine mlikuwa na kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kiini cha mfumo endeshi, programu inayozitawala programu nyingine zote. Fundi ndiye aliyekijenga. Kukijenga ni kuyapitisha maandishi ya wataalamu kwenye kompaila, nayo huyageuza kuwa amri ambazo mashine inazielewa. Kompaila ni kama mpishi wa kukodiwa: haikusomi moyo, lazima uiambie. Huambiwa kwa swichi, maneno mafupi yanayopangwa kwenye faili. Swichi moja huiambia iharakishe. Nyingine huiambia ionye kila inapotilia shaka jambo. Nyingine huiambia ifunge mdomo.

Jumatatu asubuhi Meneja alikuja akasimama nyuma ya kile kiti kibovu. Wateja walitaka kiini kipya chenye kasi, na ripoti ya ujenzi isiyo na onyo.

"Washa kasi ya juu kabisa," alisema. "Halafu hayo maonyo yaondoe."

"Kuyaondoa ni kuyarekebisha, bosi. Nipe mwezi mmoja."

"Si kuna swichi?"

"Ipo, lakini inayanyamazisha tu. Makosa yanabaki palepale."

"Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

Fundi akageuka. "Anayekunywa maji haya si ng'ombe. Mama yangu analala na mashine yetu puani."

"Basi atapumua kwa kasi," alisema Meneja. Alicheka peke yake, kisha akasubiri pale pale mpaka Fundi akabonyeza.

Ripoti ilitoka safi kama sahani iliyolambwa. Kabla ya chai, maonyo yakaanza kupanda ngazi.

Walikuja mmoja mmoja, watu wazima, wake kwa waume, wamevaa nguo za kawaida za kazini. Kompaila ilikuwa imekatazwa kuwasema, kwa hiyo walikuja kujisema wenyewe. Dada wa mapokezi alimpa kila mmoja kitambulisho cha mgeni na kumwonyesha benchi ukumbini. Kila mmoja alijua sentensi moja tu.

"Shikamoo, mama," dada wa mapokezi alimwambia mama mmoja mnene aliyepakata mkoba.

"Umesoma kihisi kwanza, ndipo ukauliza kama kipo," alijibu yule mama.

"Marahaba ingetosha," alisema dada wa mapokezi, akamfungia kitambulisho.

Kufikia mchana mabenchi yalikuwa yamejaa. Mhasibu alikuja kuuliza kama wageni wanakunywa chai. Alipoambiwa hawanywi, alirudi ofisini kwake ameridhika. Meneja alijizoeza kupita ukumbini ubavuubavu, akisema samahani, samahani. Kisha aliagiza viti zaidi. "Kampuni inayomsimamisha mgeni haina adabu," alisema. Viti vililetwa siku hiyo hiyo, vyote vikiwa na migongo mizima.

Jioni yule mama mnene alimfuata Fundi nyumbani. Aliketi kando ya kitanda cha Mama, mkoba mapajani, akasema sentensi yake. Baada ya muda akaisema tena.

"Mgeni wako ana neno moja tu?" Mama aliuliza, sauti yake ikipita kwa shida pembeni ya mrija.

"Ndilo hilo, Mama."

"Na lina maana gani?"

Fundi alimweleza. Ndani ya mrija kuna kihisi, kijidude cha kupima hewa. Mrija ukichomoka, kihisi nacho kinakatika, na mashine inatakiwa kupiga kengele. Kwa hiyo kiini kinapaswa kuuliza kama kihisi kipo, kisha ndipo kikisome. Aliyeandika sehemu ile alisoma kwanza, akauliza baadaye.

"Yaani mtu ameingia ndani, amekaa, ameshaandaliwa, ndipo anapiga hodi?"

"Ndivyo. Sasa kompaila ikiambiwa iharakishe, inasema, hodi ya nini tena, mtu si yumo ndani? Inaifuta hodi. Mrija ukichomoka, hakuna anayeuliza, na kengele hailii."

Mama aliutazama mrija wake. "Nani kaiambia iharakishe?"

"Mimi. Niliamriwa."

"Huyo aliyekuamuru, yeye anapumua kwa nini?"

"Kwa pua zake, Mama."

"Nilijua," alisema Mama.

Asubuhi Fundi aliihamisha hodi akairudisha mlangoni. Ilikuwa kazi ya kubadilishana nafasi za mistari miwili. Alipokijenga kiini upya, yule mama mnene aliinuka kwenye kiti chake, akarudisha kitambulisho, akamwambia dada wa mapokezi marahaba, akashuka ngazi. Wengine wote walibaki wamekaa, wakimsindikiza kwa macho.

Meneja alipata habari kabla ya chakula cha mchana.

"Toleo la jana limeshapimwa," alisema. "Ukigusa mstari mmoja, vipimo vyote vinaanza upya. Wateja hawasubiri." Alilirudisha toleo la jana kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya chakula yule mama mnene alipanda ngazi tena, akihema kidogo, akaomba kitambulisho chake.

"Karibu tena, mama. Kiti chako hakijakaliwa."

Fundi aliingia kwa Meneja bila kugonga, sauti yake ikasikika mpaka karakana.

"Mrija ukichomoka mtu atakufa, na kioo kitaendelea kuonyesha kuwa anapumua! Unanielewa? Atakuwa amekufa na namba zinang'aa!"

"Ripoti inasema maonyo mangapi?"

"Wamekaa hapo nje! Umewanunulia viti!"

"Hao ni wageni. Mimi nimeuliza ripoti."

"Sitii sahihi yangu."

"Nitatia yangu." Meneja alishusha sauti, akawa mpole, na upole huo ndio uliomchoma Fundi kuliko yote. "Mama yako mwekee kile ulichokirekebisha asubuhi. Chukua nakala nenda nayo. Mimi si mtu katili, dada."

"Na wengine?"

"Wengine wana watoto wao."

Fundi alimwita jina ambalo halifai kuandikwa. Alibamiza mlango, akarudi kwenye kiti chake kibovu. Kisha akachukua nakala. Hasira haimzuii mtu kumpenda mama yake.

Mama alimwacha amalize kuiweka, akamwangalia akikusanya waya zake.

"Yangu imepona," alisema. "Na za wenzangu?"

Fundi alizidi kukunja waya. Mama aliugeuzia uso wake ukutani, akaendelea kupumua vizuri.

Siku iliyofuata Mhazili alipiga chapa barua ya kwenda kwa hospitali zote. Ilisema kwamba kiini kipya kimejengwa bila onyo hata moja, na kwamba mashine zote ziwekewe kiini hicho mara moja. Ofisi yake nayo ilikuwa imejaa wageni, na ilibidi mzee mmoja avute magoti ndipo droo ya meza ifunguke na mhuri utolewe. Meneja alitia sahihi. Mhazili aliikunja nakala ya kwanza, akalamba gundi, akaifunga bahasha na kukibandua kidole kilichonata. Zilizobaki akazifunga vivyo hivyo.

Fundi alimkuta tarishi juu ya ngazi, akamshika mkono. "Usizipeleke."

"Dada, mimi napeleka tu. Za watu sizisomi."

Alimwachia. Tarishi alitaka kuvaa kofia yake ya pikipiki na mikono ilikuwa imejaa, kwa hiyo alimgeukia aliyekuwa karibu.

"Mama, nishikie kidogo."

Yule mama mnene alizipokea bahasha kwa mikono miwili, akaziweka juu ya mkoba wake. Tarishi alifunga kamba ya kofia chini ya kidevu.

"Umesoma kihisi kwanza," alisema mama, akimrudishia, "ndipo ukauliza kama kipo."

"Ahsante sana, mama," alisema tarishi, akashuka ngazi, akawasha pikipiki, akazipeleka posta.