Haradali ya Nyumba ya Kwanza

Alhamisi asubuhi Eucabeth alikuwa amechutama shambani kwake Uriri, akifukua udongo kwa kidole aone kama mbegu zake za haradali zimeoza, mwanamke asiyemjua alipopenya uani na jembe begani, bila viatu. Mashamba ya majirani yalikuwa yamechipua wiki mbili zilizopita. La Eucabeth lilikuwa tupu.

"Wewe ndiye uliyeolewa nyuma yangu," mgeni alisema. "Mimi ni Rispa."

Rispa alikuwa mke wa kwanza wa Jared. Alifariki miaka miwili kabla ya Eucabeth kuolewa. Eucabeth alipangusa mkono kwenye leso, akamsalimia.

"Kumbe Jared alioa mrefu hivi? Mimi aliniambia anapenda wafupi."

"Mimi aliniambia anapenda wanyamavu, nyieka," Eucabeth alijibu, akimwita kama wake wenza wanavyoitana. Wakacheka.

Rispa akauliza nani alitangulia kupanda. Kila msimu wa mahindi, mstari wa kwanza ulipandwa kwa niaba yake, kwenye kipande cha shamba la nyumba yake, kwa kuwa kimila mke wa kwanza ndiye hutangulia. Haradali haikupandiwa mstari huo. Clifford, afisa wa kampuni iliyowapa mbegu na kununua mavuno, alikuwa amewaambia wakulima kwamba mafuta yake yatatiwa kwenye ndege, na Eucabeth na Jared wakaona kitu kisicholiwa hakihitaji mila.

"Kiliwe kisiliwe, si kinapandwa? Nipe mbegu."

Alipanda mstari wake bila haraka. Jared aliporudi na ng'ombe alivua kofia, akauliza kama njiani kulikuwa na matope, akaenda kumletea kiti. Kufikia saa sita mchana shamba zima lilikuwa limechipua. Kufikia jioni mimea ilikuwa imefika magotini. Majirani walisema lilikuwa limechelewa tu.

Rispa alimaliza chai yake. "Ukivuna, niletee mtungi mmoja wa mafuta. Lile gari la hospitali lililonibeba nikiwa na uchungu wa kuzaa liliishiwa mafuta Rodi Kopany, kabla ya kufika Homa Bay. Bado tuko pale. Sasa sisi tuliokosa kufika hospitali tumefika kumi na mmoja, tumebanana. Kuna msichana amejikunja miguuni pangu, alikuja juzi."

"Nitaleta," Eucabeth alisema.

Mwezi huo shamba lilichanua manjano hivi kwamba madereva wa barabara ya Migori walipunguza mwendo wakilitazama. Clifford aliwaleta wageni kulipiga picha. Eucabeth akachaguliwa kuwafundisha wanawake thelathini kilimo cha haradali, akapewa koti lenye jina lake kifuani. Tangu aolewe alikuwa akiitwa mke wa Jared au mama wa fulani. Alilifua koti lile kabla hata halijachafuka.

Siku ya mavuno Clifford alifika na lori, akahesabu magunia.

"Mama, ni haya tu?"

"Limebaki debe moja. La mke mwenzangu."

"Rispa? Si ni marehemu?"

"Ndiyo. Gari lao halina mafuta."

Clifford alitazama chini. Shangazi yake pia alikuwa katika gari hilo. "Najua, mama. Lakini mkataba unasema kila punje ni ya kampuni. Hauna mahali pa marehemu. Ukibaki na debe, nakufuta, na mafunzo atapewa mwingine."

Eucabeth alivua koti, akalikunja vizuri, akamkabidhi. "Ukifuta, andika sababu. Andika Eucabeth alikuwa ameahidi."

Clifford aliandika.

Eucabeth alikamua mbegu za lile debe kwa mashine ya alizeti sokoni, akapanda gari hadi Rodi Kopany na mtungi mapajani. Gari la hospitali lilikuwa kando ya barabara, nyasi zimefika madirishani. Lori la kampuni lilipita na magunia yake bila kupunguza mwendo. Wiki hiyo gari la zahanati ya kwao pia lilikuwa halijatoka, kwa kukosa mafuta.

Dereva wa gari la kina Rispa alimfungulia tangi. Eucabeth alimimina hadi tone la mwisho. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika.

"Nyieka, limewaka!" Rispa aliita dirishani, akamsogeza msichana apate kukaa vizuri. Wakaondoka kuelekea Homa Bay.

Muuza mahindi ya kuchoma aliinua pua. "Dada, hiyo harufu ni ya nini?"

"Haradali ya nyumba yetu," Eucabeth alisema.