Maji Yanayorudi kwa Mwenyewe

Saa tatu asubuhi Elieth alipanga mapipa matatu ya kuchujia maji uani kwa Mama Nchagwa, mjini Tarime. La kwanza lilikuwa na kokoto, la pili mchanga uliooshwa mara saba, la tatu mkaa uliopondwa. Wanawake kumi na wawili walikaa juu ya madumu yao matupu. Bomba la Mtaa wa Mabatini lilikuwa na siku thelathini na moja bila kutoa tone.

"Maji ya kufulia hayajafa," Elieth alisema. "Yamechoka tu. Yapitisheni hapa, yamwagilie mchicha, yasafishe choo. Kunywa hapana. Nisije nikasikia."

"Na ya kuogea mume?" Mama Nchagwa aliuliza.

"Inategemea mume kachafukaje."

"Basi wa kwangu tuongeze pipa la nne."

Kufikia jioni maji yalitoka meupe, yakaanza kuondoka. Hilo lilikuwa somo la pili: maji yakishatakata hurudi kwa mwenyewe. Ya Mama Nchagwa yalivuka ua, yakapita chini ya mlango, yakatulia kwenye ndoo yake jikoni. Ya Klementina, mmoja wa wale kumi na wawili, yalipita mlango wake bila kusimama, yakaingia kwa jirani aliyemwazima ndoo mbili za maji tangu Jumapili. Klementina aliyafuata, akaomba radhi, akaruhusiwa kurudi nayo.

"Funikeni mabeseni yasiwatoroke," Elieth aliagiza, "la sivyo mchicha utalala na kiu."

Kaya arobaini zilitaka mapipa. Uwanja pekee wa kuyaweka ulikuwa kando ya ofisi ya mtaa, na kibali kilihitaji muhuri wa Mwenyekiti Anold. Mwenyekiti alikuwa na sehemu ya kuoshea magari ambako magari ya watalii na malori yalioshwa tangu alfajiri. Alipoombwa maji machafu ya kuchujwa mbele ya watu kama mfano, alifurahi. Alitaka jina lake liandikwe kwenye pipa.

Siku ya maonyesho Elieth hakula. Alikagua mchanga mara tatu, akahesabu wageni, akahesabu tena. Jioni maji ya Mwenyekiti yalitoka yametakata, na watu wakageuka kutazama geti lake.

Maji hayakwenda huko. Yalikata kushoto, yakashuka hadi bomba la mtaa, yakapanda nguzo, yakatokea kwenye koki. Dumu la kwanza kwenye foleni lilijaa. Mwenye dumu aliliondoa, akasogeza la pili. Elieth alikimbia na kipande cha mkaa, akaandika kwenye nguzo: SI YA KUNYWA.

Mzee Nyangwine alichuchumaa kando ya ule mstari wa unyevu. Ujanani aliwahi kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa hadi kijiji cha Mbalibali. Kwa mila ya kwao, boma ambamo nyayo zinaishia ndilo linalojibu kwa wizi.

"Huyu ng'ombe amerudi zizini mwenyewe," alisema. "Sasa tuzifuate nyayo kinyume, tuone alikotoka."

Walizifuata. Zilipita kwenye mapipa, zikafuata matone ya ndoo zilizoleta maji machafu, zikaishia chini ya geti la Mwenyekiti, penye bomba jeusi jipya lililofukiwa nusu, lililotoka kwenye bomba la mtaa. Mzee alichomeka fimbo yake pale, akaenda kula ugali.

Kila jioni ya wiki ile maji ya Mwenyekiti yalirudi bombani. Kila asubuhi magari yaliendelea kuoshwa. Siku ya saba mkutano uliitwa ofisini.

"Shikamoo, mzee," Mwenyekiti Anold alianza.

"Marahaba. Fimbo yangu iko getini kwako."

"Nimeiona. Lakini mila ya nyayo ni ya ng'ombe. Maji hayana kwato."

Wazee walijadili jambo hilo kwa saa nzima. Walikubaliana kwamba kwato hazikuonekana. Katibu aliandika.

Kisha Mwenyekiti akamgeukia Elieth. Barua ya kibali ilikuwa mezani, na muhuri kando yake.

"Binti, umenidhalilisha mbele ya watu. Niombe radhi, nigonge, mapipa yapate uwanja. Usiponiomba, kesho mgambo anabeba hata hayo matatu yaliyopo."

Wanawake kumi na wawili walimtazama Elieth.

"Sema tu, mwanangu," Mama Nchagwa alinong'ona. "Mimi mchicha wangu umeshachipua."

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Maji yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakipita njia ya mkato kuelekea bombani. Watu waliinua miguu kuyapisha, katibu akainua mkoba wake. Kwa mbali ilisikika mashine ya kuoshea magari ikinguruma. Mwenyekiti peke yake alibaki na viatu chini, na maji yakasimama mbele yake, yakisubiri.

Elieth aliiacha miguu yake juu.

"Inua mguu, Mwenyekiti, yapite," alisema. "Radhi siombi."