Vidole Vinne Kwenye Bamba

Gasper aliliinua bamba kutoka kwenye birika la asidi, na kobalti ikabanduka vipande vipande, kama rangi kwenye ukuta ulioliwa na chumvi.

"Nani alilishika hili?" msimamizi huyo aliuliza.

Pale kiwandini Kidahwe, makapi meusi yanayobaki baada ya kusafisha nikeli huyeyushwa kwa asidi mpaka yawe maji mekundu kama ya rozela. Umeme ukipita, kobalti huganda taratibu kwenye mabamba ya chuma. Yuliana ndiye aliyeyasugua mabamba na kuyatumbukiza. Chuma kikiguswa na mafuta hata kiduchu, kobalti hukataa kushika, na hili lilikuwa na madoa manne ya vidole.

Alijua ni vyake. Glavu zake zilitoboka tangu Pasaka, asidi ikamtafuna vidole, naye akawa anavipaka mawese, dawa ya kila jiko la mtaani kwao, Rusimbi. Asubuhi hiyo uchovu ulimzidi, akasahau kunawa.

"Fungua mkoba," Gasper alimwambia Devota, binti aliyeanza kazi mwezi huo. Ikatoka chupa ya mawese.

"Mama weee! Ya mboga hayo, kaka Gasper! Nimemnunulia mama!"

"Vua ovaroli. Nenda nyumbani."

Yuliana aliinamisha kichwa. Mumewe, Elikana, alikuwa hoi kitandani, na kibarua hiki ndicho kilichowalisha. Aliomba kimoyomoyo Devota aondoke upesi, yaishe. Kisha akajionea aibu kwa dua ile.

"Mwache mtoto wa watu," alisema. "Ni mimi."

"Mama Nikodemu, unajua unachosema?" Gasper alimgeukia.

Yuliana akavua glavu, akavibandika vidole juu ya madoa. Vikakaa sawasawa.

Gasper hakupiga kelele; afadhali angepiga. "Glavu niliziomba," alisema kwa sauti ya chini. "Hazikuja." Kisha akanyoosha mkono kupokea ovaroli.

Nje, jua lilikuwa likiunguza barabara ya Kasulu. Gari la kwenda mjini likasimama.

"Mama, twende, nafasi ipo!" kondakta alimhimiza.

Yuliana akalipungia lipite. Akaketi kwenye nyasi kando ya lami, akanyoosha miguu, akavuta pumzi mpaka ndani kabisa. Bado hakujua atamwambia nini Elikana. Likaja gari la pili, nalo akaliacha.