Rangi Iliyoanikwa Juani

Jumatatu tarehe 27 Januari 2025, siku ya tatu bila umeme, mdogo wangu Rémy, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa, alifika kwangu mtaa wa Katoyi na kibaridi cha plastiki mkononi, kisanduku cha kutunzia vitu penye baridi. Risasi zilisikika upande wa Munigi, kaskazini mwa mji; waasi walikuwa wanaingia.

“Umeniletea samaki?” nilimwuliza.

“Ukila hii, yaya, utawaka kijani kama taa za maduka ya Birere.” Kisha akaacha kucheka. “Usiifungule. Iweke penye baridi na giza. Mwangaza ndio unaiua.”

Akarudi maabara alikofanya kazi kuchukua daftari lake. Hatukumwona tena, hata mwili.

Kazi yake aliwahi kunieleza. Ndani ya seli za damu, nyuzi za urithi zimezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni. Huenda hofu kubwa ikaacha alama juu ya protini hizo. Ndani ya kile kibaridi mlikuwa na kichupa cha kingamwili inayoshika alama moja tu, nayo imebeba rangi inayowaka kwenye mashine. Rémy alikuwa akipima damu ya watoto ambao mama zao walikuwa na mimba volkano ilipolipuka 2021. Nishimwe wangu ni mmoja wao. Nilikimbia na mimba ya miezi saba. Hadi leo ardhi ikitikisika kidogo, mtoto anajikojolea. Nilitaka kujua kama hofu hiyo aliipata tumboni mwangu.

Kwetu, siku ya kuondoa matanga, vitu vya marehemu hufuliwa na kuanikwa. Siku hiyo ya Rémy, mimi nilikuwa nimeenda ziwani kuteka maji. Mama mdogo Mukashyaka akafua mashati, kisha akafungua kibaridi, akabandua karatasi ya kung'aa iliyokinga kichupa na mwanga, akakiosha na kukiweka juu ya mawe meusi. Niliporudi, jua lilikuwa la saa saba.

“Nimekiosha vizuri, mwanangu. Rémy hakupenda uchafu.”

Nilikizungushia tena ile karatasi, nikakipeleka maabara.

Philomène, aliyefanya kazi na Rémy, alikijaribu hata hivyo. Sahani ya maabara, yenye visima vidogo vya damu za watoto, ilikuwa salama kwake. Akawasha jenereta, akaniita. Kwenye kioo cha mashine visima vyote vilikuwa vyeusi.

“Basi mutoto hana alama?”

“Hapana, mama Nishimwe. Pengine iko. Rangi ndiyo imekufa.”

Kingamwili nyingine huja kwa ndege kutoka Ulaya, na uwanja wa ndege umefungwa. Sahani iko kabatini kwa Philomène. Mama mdogo huniuliza kama majibu ya mtoto yametoka. Namwambia ndege haijafika.