Miche ya Wageni

Mwaka huu chai ya nyumbani kwetu imeingia chumvi. Mavyaa wangu, Mama Pola, alionja kikombe kimoja, akakiweka chini na kuniangalia utadhani ni mimi niliyeitia. Kila bamvua, bahari inapojaa sana, maji hupita kwenye lile pengo ambako watu walikata mikoko zamani, yakapanda kuja kwetu. Kila mwaka yalikuwa yakisogea. Sasa yamefika kisimani.

Mimi naitwa Jedida. Ndimi ninayeangalia kitalu cha mikoko cha kikundi chetu cha akina mama, huku kwenye hori ya Mida, si mbali na Dabaso. Mwezi wa saba nilikuwa na miche mia nne kwenye mifuko myeusi, mizuri, nimeilinda dhidi ya kaa na mbuzi kwa miezi tisa. Mkoko ukishika tope miaka mitatu, maji hayana njia tena. Naye Gerishom, bwana wa kampuni inayoleta vijana wa Ulaya kuja kujitolea kila likizo yao, alikuwa ameniahidi kwa mdomo wake mwenyewe kwamba safari hii vijana watapanda pengoni.

Makundi matatu yaliyotangulia yalipanda wapi? Mbele ya banda la wageni, mchangani, kwa sababu pale bahari inaonekana vizuri kwa nyuma na picha hutoka safi. Mkoko unataka tope. Ukiuchomeka kwenye mchanga ule, bamvua la kwanza linauchukua, na kinachobaki ni kibao chenye jina la kundi na mwaka. Vibao vitatu viko pale mpaka leo, vimepakwa rangi, na mkoko hata mmoja hakuna.

Basi asubuhi ya siku yenyewe Gerishom akanijia huku anatabasamu. Nikajua.

"Mama Jedida, programu imebadilika kidogo. Kutoka hapa bandani mpaka pengoni ni mbali, na tope linafika magotini. Hawa ni watoto wa watu. Saa sita wana mashua ya kwenda kuangalia samaki Watamu. Tupande hapa hapa."

"Hapa kwenye vibao?"

"Wanataka tu kuona wamefanya kitu."

"Na mimi nataka kunywa chai," nikamwambia. Hakuelewa, na sikujisumbua kumweleza.

Vijana ishirini na wawili wakashuka kwenye gari, fulana za buluu, buti za mpira mpya kabisa. Tukawaimbia. Nami niliimba, nikapiga makofi, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nilikuwa nimeudhika mpaka kooni na mikono inapiga makofi.

Msichana mmoja akatoka kwenye mstari akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kiswahili umekitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu. Alizaliwa Malindi, babake alikuwa na duka la vitambaa. Naitwa Urvi." Alikuwa na miaka kumi na sita, na alisema taratibu, kila neno kamili. "Kaka yangu Nikhil alikuja mwaka juzi. Alipanda mkoko hapa. Ameniomba niupige picha."

Sasa hapa pana desturi yetu. Mgeni akirudi kuulizia mti wake, tunampeleka kwenye mkoko mmoja mkubwa pale kando ya banda, uliojiotea wenyewe kabla sisi wala kikundi chetu hatujazaliwa. Umeshakumbatiwa na watu wasiopungua saba, na kila mmoja aliondoka akijua ni wake. Gerishom alinitazama, akaunyooshea kidevu mti ule. Nilikuwa nishafungua mdomo kusema yale ya siku zote, nikasikia ile chumvi ya chai bado iko kwenye ulimi.

"Mti wa kaka yako ulikufa, mwanangu. Haukumaliza wiki mbili. Yote ilikufa, na hii nayo itakufa mkiipanda hapa. Mahali pake ni kule pengoni."

Urvi akawageukia wenzake akawaeleza. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilishajitwika beseni la miche kichwani, tayari kuwaongoza njia.

Wao wakakaa chini mchangani, duara. Mmoja akaanza kulia. Mwalimu wao akawashika mikono, wakazungumza, wakazungumza tena, na maji yanaanza kurudi. Mwisho wakanyoosha mikono juu, wakahesabiana.

"Wamepiga kura," Urvi akaniambia. "Hawataki kuharibu tena. Hawapandi."

"Hawapandi hapa?"

"Popote."

"Lakini kule pengoni itashika! Si umewaambia?"

"Nimewaambia, mama. Wanasema lazima utafiti ufanywe kwanza."

Kisha wakasimama mbele ya vibao, nyuso za msiba, wakarekodi video ya kuomba msamaha. Sijui walikuwa wakimwomba nani. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka pale, beseni kichwani, na hakuna aliyegeuka.

"Umeridhika?" Gerishom akaninong'oneza. "Mwakani hawaji."

Urvi peke yake ndiye aliyebaki karibu nami. Aliangalia beseni, akaangalia upande wa pengo.

"Mama, na nyinyi kwa nini hamkuipanda wenyewe?"

"Kwa sababu ni yenu," nikasema. "Ni miche ya wageni. Tukiipanda sisi, mkija mtapanda nini?"

Nilijisikia nikiyasema. Kutoka kitaluni kwangu mpaka pengoni ni mwendo wa kupeleka beseni na kurudi kabla maji ya chai hayajachemka. Akina mama kumi, asubuhi mbili. Ile ya kundi la kwanza ingekuwa imenipita kimo sasa hivi. Nilitaka kumkasirikia mtoto yule, nikakosa pa kuanzia.

Gerishom akamwita, akaenda. Mimi nikawaita akina mama wenzangu. Walikuja Easter na Purity tu, wengine walihofia kampuni. Tulipanda tukiwa tumeinama, tope magotini, kisha maji magotini, kisha mapajani. Mashua ikapita na vijana wakatupungia mkono kwa furaha, wote isipokuwa mmoja. Nami nikawapungia. Mazoea. Nikajitukana kwa sauti mpaka Purity akacheka. Tulikuwa tumepanda sabini na mitatu maji yalipotufukuza.

Jioni nikachota kisimani, nikachemsha chai, nikampelekea Mama Pola. Akaonja.

"Bado ina chumvi."

"Bado, mama."

"Mpaka lini?"

Nilikuwa na tope mpaka kwenye nywele, na sikuwa na mtu mwingine wa kumtupia lawama mle jikoni.

"Miaka mitatu," nikamwambia, nikanywa kikombe changu chote.