Mansuri na Koti la Theluji

Joto la Kilindoni mwezi wa Februari halina adabu. Halibishi hodi, halingoji jua lipande. Ukitoka kuoga unajifuta maji, na ukimaliza maji unaanza kujifuta jasho. Sasa katika joto hilo, jamani, mtu mzima mwenye akili zake akaleta amri ya suti!

Mtu huyo ni Bi Faraja, meneja mpya wa ushirika wa nazi. Alitoka Makete, kule ambako watu huamka wakakuta baridi imegandisha majani, na hapa kisiwani hakuwa hata na mwezi. Akaandika kwenye grupu la ofisi: kuanzia Jumatatu suti kamili, wanaume na tai, koti halivuliwi mpaka saa ya kutoka. Anayetaka kuvaa kama yuko ufukweni, akatafute kazi ufukweni.

Wafanyakazi walinung'unika, lakini Mansuri karani hakuthubutu. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na Jumatatu hiyohiyo Bi Faraja angetangaza kikaoni kama anathibitishwa kazini au anafungasha virago. Na kwa Mansuri haikuwa kazi tu. Mzee Suleimani, baba yake Zawadi, alishamjibu posa yake bila kuzunguka: "Ukithibitishwa, njoo tupange siku. Usipothibitishwa, hata mlangoni kwangu usipite." Na Mansuri alimpenda Zawadi, wallahi, mpaka akimwona anasahau tonge mkononi.

Tatizo ni jasho. Mansuri hutoka jasho hata akifikiri. Halafu koti pekee lililomtosha kwenye mitumba lilikuwa la sufu, zito, lenye bitana nene, limeshonewa watu wa nchi za theluji. Alilijaribu nyumbani kidogo tu, akalivua kama mtu aliyeopolewa kisimani.

Basi Jumatatu asubuhi akakimbilia kwa dada yake Biubwa, muuza samaki mwenye friza.

"Shikamoo dada. Nipe barafu nijifunge mgongoni."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Navaa suti."

"Ndiyo kuumwa kwenyewe huko," akasema Biubwa. Akafunua friza, akainama, akainuka. "Barafu wameimaliza wavuvi alfajiri. Nina pweza tu."

"Pweza, dada?"

"Ameganda kama jiwe. Huo mgongo wako utajuaje tofauti?"

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mansuri akainama, Biubwa akamweka pweza mgongoni ndani ya mfuko wa nailoni, akamkaza kwa kanga kama mtoto wa mbeleko. Shati likaja juu, na koti juu ya shati.

Lo! Raha aliyoisikia, usiseme! Njiani watu walikuwa wanajipepea kwa ncha za kanga na kumlaani kila aliyewasimamisha kuwasalimu, yeye anapita meno yanamgongana kwa baridi. Akajiona mjanja kuliko wote waliowahi kuvaa tai.

Kikaoni umeme ulikuwa umekatika, mapangaboi yamelala. Time, mhasibu, alikuwa amelowa mpaka miwani inamteleza puani. Saburi wa ghala alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, huenda anapiga shahada. Bi Faraja mwenyewe, ndani ya suti nyeusi, alikuwa akilifuta jasho kwa hasira kana kwamba kuna mtu amemmwagia. Mkavu alikuwa Mansuri peke yake.

"Mtazameni Mansuri!" Bi Faraja akapiga meza. "Suti kamili na hana hata tone! Kila siku mnanililia joto, joto. Joto gani hilo lisilomwona huyu? Penye nia pana njia. Mansuri, simama uwape wenzako siri yako."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mansuri akasimama, akakohoa. "Ni nidhamu tu, madamu. Na kumwomba Mungu."

"Umesikia, Time?"

"Nimesikia, madamu," akasema Time huku pua yake ikicheza. "Na nimenusa pia."

Kule kusimama ndiko kulikomponza. Pweza alishayeyuka, amelegea, na mfuko umechanika. Mansuri akahisi kitu chenye utelezi kinamshuka kiunoni polepole, kinatafuta njia. Akabana matako. Wapi! Mnyiri mzima wa pweza ukateleza, ukaning'inia nje ya koti la theluji.

Na Bi Faraja ndiyo kwanza anazunguka meza kuja kumpa mkono wa pongezi. Akasimama nyuma yake ghafla.

"Mansuri," akasema kwa sauti ndogo. "Una mkia."

"Si mkia, madamu. Ni mnyiri."

"Mnyiri ndiyo nini?"

"Mkono, madamu."

"Mkono wa nani?"

"Wa pweza."

Time akaanguka juu ya meza kwa kicheko. Mansuri akapeleka mkono nyuma, akamvuta pweza wa watu, akamlaza mezani. Machozi yalimlengalenga. Akilini alimwona Mzee Suleimani akimfungia mlango.

"Na anafanya nini ofisini kwangu?" akauliza Bi Faraja.

"Ananipoza, madamu. Joto hili na koti hili siviwezi. Lakini kazi naitaka, nina mchumba, nisipothibitishwa simpati. Nisamehe."

Bi Faraja akasogea mezani. Alinyoosha kidole, akamgusa pweza, akakirudisha haraka. Akamgusa tena. Halafu akaweka kiganja kizima, na macho yakamfumba yenyewe.

"Hata mimi siviwezi," akasema. "Tangu nishuke hapa siviwezi. Nilidhani nikivua koti mtaniona kitoto."

"Madamu," akasema Time akijifuta machozi ya kicheko, "tunakuona jasho likikudondoka puani kila siku, na bado tunakuogopa."

Bi Faraja akacheka, na hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akicheka. Akavua koti, na kabla hajaliweka kitini makoti ya wengine yote yalishavuliwa.

"Mansuri, umethibitishwa. Mtu anayebeba pweza mgongoni kwa ajili ya kazi, nikimfukuza nitampata wapi mwingine? Nenda ukaoge, ndipo uende kwa mkweo. Tafadhali, anza na kuoga."

Mansuri akashukuru na kushukuru. Akanyoosha mikono amchukue pweza wake amrudishie Biubwa.

"Huyo mwache," akasema Bi Faraja, akimnyanyua na kumlaza taratibu shingoni mwake. "Kikao hakijaisha."