Mkanda wa Wifi

Wifi yangu amezaa watoto wanne, na hajawahi kumpa mtu nafasi ya kulisahau hilo. Alipoingia kwangu siku ya saba baada ya upasuaji, kabla hata hajamfunua mtoto uso, aliweka begi mezani na kusema, "Haya wifi, pole. Lakini wewe umepasuliwa tu. Wenzio tulisukuma."

Ndani ya begi ilikuwemo biashara yake: mikanda ya kubana tumbo, na pakiti za majani makavu aliyoyaita chai ya kusafisha kizazi. Huviuza kwa simu. Kila asubuhi hujirekodi akisema "wapendwa wangu" kwa sauti laini ambayo nina hakika mume wake hajawahi kuisikia.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Shule yangu ina gari moja na ulimi mmoja, na wanafunzi wangu watakuambia kipi kinatisha zaidi. Nimefundisha watu zaidi ya mia tatu. Nimeshindwa na mmoja tu, hadi leo hana leseni, na huyo ndiye aliyenioa. Mume wangu huendesha kama anavyoishi: mikono usukanini, macho kwa dada yake.

Muuguzi aliponiruhusu kutoka wodini alinieleza polepole, kama mtu anayejua hatasikilizwa. Mshono ukae mkavu. Usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto. Damu itaendelea kutoka kwa wiki kadhaa, ikipungua na kubadilika rangi. Lakini pedi ikijaa ndani ya saa moja, au likitoka donge kubwa, usingoje kesho. Mume wangu alikuwa kando yangu akitikisa kichwa kukubali. Baadaye nikamuuliza mume wangu, muuguzi alisema nini? Akajibu, "Upumzike."

Basi wifi akanifunga mkanda juu ya mshono mbichi, akavuta mpaka nikaona nyota mchana. Akanipa chai chungu, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Nami nikanywa. Hilo ndilo sijajisamehe. Mimi niliyewahi kumshusha mwanajeshi barabarani kwa sababu alishika simu akiendesha, nilikaa kitandani nikameza majani ya mtu asiyejua hata yalichumwa wapi, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na sikutaka maneno.

Siku ya tisa damu iliyokuwa imefifia ikarudi nyekundu.

"Wifi," nikamwambia, "hii si ya kawaida."

"Huo uchafu. Acha utoke. Chai inafanya kazi."

"Muuguzi alisema..."

"Muuguzi huyo amezaa wangapi?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akikunja nepi, akiikunjua, akiikunja tena. "Dada anayajua mambo haya," akasema.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, niliinuka nimnyonyeshe mwanangu nikahisi joto likishuka mapajani. Nilifika chooni nikishikilia ukuta. Lilitoka donge kubwa kuliko yai, halafu jingine. Nilibadilisha pedi, nikabadilisha tena kabla nusu saa haijaisha. Masikio yakaanza kuvuma. Nikamwita mume wangu. Akaja, akaona sakafu, akageuka na kuita, "Dadaaa!"

Wifi akafika, simu mkono mmoja, mkanda mpya mkono wa pili. "Ule umelegea," akasema. "Tumbane zaidi."

Hapo ndipo mlango ulipobishwa. Alikuwa Mama Klachi, mwanafunzi wangu, mpishi wa shule ya msingi, mama wa miaka hamsini na kitu. Jina hilo tulimpa kwa sababu mguu wake hauachi klachi. Amefeli mtihani mara tatu kwa kupisha kila kiumbe, hata mbwa aliyelala. Alikuja kunipa hongera na sabuni za mtoto, akafuata kelele mpaka chooni. Akanitazama midomo, akanivuta kope ya chini kwa kidole gumba.

"Mwalimu, umepauka kama unga. Ufunguo wa gari uko wapi?"

"Lakini huna leseni," mume wangu akasema. Kati ya maneno yote ya dunia hii, akachagua hayo.

"Wewe unayo?" Mama Klachi akamuuliza. "Kama huna, mbebe mtoto twende."

Nililazwa kiti cha nyuma, khanga tatu chini yangu, miguu juu ya begi la nepi. Mwalimu alikuwemo garini, kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Kwenye mzunguko akasimama kulipisha lori, nyuma ya lori kuna mkokoteni.

"Mama," nikasema kwa pumzi iliyobaki, "ukipisha na huo mkokoteni, nakufelisha."

Akakanyaga mafuta. Mume wangu akapiga kelele. Mtoto hakulia.

Hospitali walinichoma sindano, wakanitundikia dripu, wakaniongezea chupa mbili za damu, kisha wakanisafisha kizazi. Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani. Daktari, binti mdogo mwenye macho ya usingizi, aliutazama mshono uliolowa jasho na kuanza kuchimbika.

"Nani alifunga mkanda hapa?"

Mume wangu akatazama dari. Nikamweleza mimi, na habari za chai pia.

"Mkanda na chai havikuleta damu hii," daktari akasema. "Ila vilikuchelewesha. Ungechelewa tena kidogo tu, tungekuwa na mazungumzo mengine, na wewe usingekuwemo."

Jumatatu wifi akaja wodini amejipamba. Akavuta kiti. "Si niliwaambia uchafu utatoka?" Tayari alikuwa amejirekodi: wifi yake alikuwa na uchafu tumboni, chai ikausukuma, wapendwa wangu, mzigo mpya umefika.

Nilikuwa sina nguvu ya kugombana. Nilimwambia taratibu, "Mkanda wako uko kwenye pipa lile, pamoja na pamba chafu. Uchukue, utoke."

Akamgeukia kaka yake. Kaka yake akasema anakwenda kutafuta maji ya kunywa, akakaa huko saa nzima.

Nililala siku sita. Nyumbani nilimeza vidonge vya kuongeza damu na kuoga kwa kusimama kama askari wa zamu. Wifi hakukanyaga tena, ingawa mume wangu hakumkataza, nilimkataza mimi. Mume wangu alifua mashuka, akapika, akaamka mtoto alipolia. Alifanya vizuri, sikatai. Ni mtu wa kufanya vizuri akishaambiwa.

Wiki ya saba tulirudi kliniki. Damu ilikuwa imekatika, mshono umekauka, ila ngazi bado zilinizungusha kichwa. Daktari akamuuliza mume wangu dalili za hatari ni zipi. Akazitaja zote, moja baada ya nyingine, bila kukosea. Kisha akanitazama, akingoja nimsifu.

Nilimkabidhi mtoto, nikashuka ngazi polepole, mkono ukutani.